Miaka minne na nusu darasa la kwanza? Usithubutu

Mkuu, usithubutu. Nimesoma swali lako lote: mtoto ana miaka minne na nusu, anahesabu hadi mia, chekechea wamekwambia huyo ni kichwa, Januari avushwe aingie darasa la kwanza, na wewe unauliza English medium au kayumba (shule ya serikali), ada zikoje, basi la shule je. Hayo weka pembeni kwanza. Hata wangu alikuwa kichwa.

Aliyeniambia hivyo ni mwenye shule. Alinikalisha ofisini, akafunua daftari limejaa vema za wino mwekundu, akasema mtoto akibaki atachoka na kuanza utundu. Kumbe zile herufi mwalimu alikuwa anaziandika kwa nukta nukta, mtoto anapitisha penseli juu yake. Nikalipia mahafali, joho na kofia (profesa mwenyewe viatu bado anavaa kushoto kulia), kisha nikalipia usajili wa darasa la kwanza, tena shule hiyohiyo! Tangu lini muuza duka akakwambia usinunue? Nafasi ya chekechea inabaki wazi, anaingia mwingine, na wewe unahamia kwenye ada kubwa zaidi. Sikuliona hilo, nilikuwa bize kuposti picha.

Darasa la kwanza ndipo nikajionea. Kuimba ba be bi bo bu, hana mpinzani. Mwandikie "bo" peke yake: ananong'ona ba, be, bi, mpaka aifikie. Kuhesabu hadi mia anatiririka, ila mwambie alete vizibo saba vya soda, anachota kiganja kizima anakuletea. Penseli kaishika kwa ngumi kama anatwanga kisamvu, na wakati yeye yuko kwenye neno la pili, wenzake wameshafunga madaftari. Asubuhi za shule tumbo linauma, Jumamosi mzima wa afya. Nikaweka tuisheni. Ulipofika upimaji wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa darasa la pili, alikuwa anaangalia picha na kubuni sentensi. Akarudia darasa. Ada mara mbili kwa kitu kilekile, na mtoto anaulizwa na wenzake kwa nini amebaki nyuma. Hilo la mwisho ndilo lililoniuma kuliko hela.

Bibi yake akashauri apelekwe bweni akanyooke. Bahati nzuri serikali ya Tanzania ilishapiga marufuku mwaka 2023, bweni kuanzia awali (hiyo chekechea) hadi darasa la nne hakuna, la sivyo ningefanya na hilo.

Awali siyo sehemu ya kumsubirisha mtoto akue. Kufinyanga udongo, kutunga shanga, kupanga vizibo kwa rangi, kusikiliza hadithi na kuisimulia upya, kusubiri zamu, kwenda chooni na kujisafisha mwenyewe: sisi wazazi tunaita kucheza, tunadai hela zetu. Pale ndipo vidole vinapopata nguvu ya kushika penseli, na hapo ndipo saba inapokuwa vitu saba kweli badala ya wimbo. Kusoma, kuandika na kuhesabu vya darasa la kwanza na la pili vinasimama juu ya hayo. Umri wa kuanza darasa la kwanza ni miaka sita. Sita, mkuu. Siyo "anakaribia", siyo "mwili wake mkubwa".

Na wale mnaokuja kusema wenu walivushwa na sasa wako vyuo vikuu, hongereni, ila si nyie mtakaomlipia tuisheni.

Kesho mwambie mwanao akuletee vizibo saba, kisha mwandikie "mo", "ka", "tu" kwa kurukaruka asome. Akikwama, mwache awali mpaka atimize sita. Asipokwama, mwache vilevile.