Mke amepeleka maombi ya ukaazi Uingereza: je, anaweza kuja Pemba kabla ya jibu kutoka?

SWALI: Assalaam alaykum. Dada yangu ameolewa na raia wa Uingereza na wanaishi London. Kibali chake kimemalizika mwezi uliopita, lakini alikuwa ameshapeleka maombi ya kuongezewa muda wiki moja kabla, na alama za vidole ametoa. Sasa baba yetu anaumwa sana hapa Wete. Shemeji anasema aje tu kwa wiki mbili, kwani pasipoti anayo mkononi na maombi yataendelea kushughulikiwa. Je, ni sahihi?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amponye mzee wetu. Nakuomba umpigie simu dada yako leo hii, kabla hajakata tiketi, kwa sababu akisafiri maombi yake hayatamngojea.

Aya ya 34K ya Kanuni za Uhamiaji za Uingereza inaeleza kuwa mwombaji akitoka katika eneo la pamoja la usafiri, yaani Uingereza, Ireland, Isle of Man na visiwa vya Channel, kabla ya uamuzi kutolewa, maombi yake huhesabiwa kuwa ameyaondoa mwenyewe tangu siku aliyotoka. Kwa kuwa hapo hakuna uamuzi uliotolewa, hakuna pia uamuzi wa kuukatia rufaa. Ugonjwa wa mzazi, hata uwe mzito namna gani, hauizuii kanuni hiyo kufanya kazi. Nadhani shemeji amechanganywa na jambo moja: zamani pasipoti ilipelekwa pamoja na maombi, na kwa hiyo mtu hakuweza kusafiri, siku hizi hupigwa nakala tu na mwenyewe akabaki nayo. Kubaki na pasipoti si ruhusa ya kusafiri.

Kwa dada yako kuna uzito zaidi, kwa kuwa kibali chake cha awali kimeshamalizika. Kinachomweka London kihalali hivi sasa ni kifungu cha 3C cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971, ambacho humrefushia kibali cha zamani yule aliyeomba kabla ya muda wake kwisha, mpaka ajibiwe. Kinga hiyo hukatika anapotoka nchini. Angekuwa na muda uliobaki katika kibali chenyewe, angeweza kurudi kabla haujaisha na kuomba upya huko huko. Kwa hali aliyonayo, atajikuta Wete bila maombi na bila kibali, na itamlazimu aombe viza ya mwenza akiwa Tanzania. Hapo atahitaji ada mpya na malipo ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka. Malipo ya afya ya maombi yaliyoondolewa hurejeshwa, lakini ada ya maombi hairudi baada ya alama za vidole kutolewa. Kipato kinachotakiwa kwa wanaoanza njia hiyo ya viza ya mwenza tangu tarehe 11 Aprili 2024 ni pauni 29,000 kwa mwaka badala ya 18,600, na mimi nisingemshauri mtu aondoke akitumaini kuwa kipimo cha zamani kitamfuata.

Njia ninayoiona ni kuomba maombi yaharakishwe kwa sababu ya dharura ya kibinadamu. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hailazimiki kukubali, lakini ombi lenye ushahidi lina uzito kuliko maneno matupu, na katika hili wewe uliye Wete ndiye mwenye kazi kubwa. Mwombe daktari anayemtibu mzee barua yenye muhuri wa hospitali, inayotaja ugonjwa, hali yake ya sasa na tarehe. Ikiwa imeandikwa kwa Kiswahili, ipelekwe pamoja na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha dada yako kinachoonesha jina la baba, kisha umtumie vyote ili mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa huko aviwasilishe.

Shemeji, kwa kuwa ni raia, anaweza kusafiri bila kuyaathiri maombi ya mkewe, na vivyo hivyo watoto wao kama ni raia wa huko. Kama mzee anataka kuwaona wajukuu, waje na baba yao sasa. Mama yao atawafuata siku atakayopata jibu na kuhakikisha kibali kipya kimeonekana katika akaunti yake ya viza ya mtandaoni.