Mlimani kwetu kilibomolewa choo kimoja

Mhariri, mmeuliza kama kubomoa mitaa chakavu na kujenga upya ndio njia ya kufufua miji yetu. Mimi ni wa Mwanza, mlimani Mabatini, hiyo mitaa chakavu ndio kwetu, na mimi nauliza kwanza, wakishajenga nani anarudi kukaa pale?

Mtu akipita barabara ya Nyerere anaona mabati juu ya mawe anasema hawa wapelekwe viwanja vilivyopimwa huko Kisesa, nje ya mji. Hajui kwamba mtu wa hapa anashuka kwa miguu alfajiri kwenda kutafuta mjini, mpeleke Kisesa uone kama nauli haitamaliza alichopata. Ndio maana mimi na kubomoa hatuelewani.

Kwetu tulichohitaji ni njia. Mgonjwa alikuwa anashushwa na kitanda, vijana wanne, mvua ikinyesha mawe yanateleza, jirani yetu mmoja alijifungulia njiani kabla hajafika hospitali ya Bugando. Kikaitwa kikao, njia ya mawe ipite, kila mwenye nyumba aachie hatua chache. Wote wakakubali isipokuwa mzee mmoja ambaye choo chake kilikuwa kimekaa katikati kabisa ya njia. Akasema shimo hili nimelichimba kwa mtaimbo kwenye mwamba nikiwa na nguvu zangu, leo nyie watoto mnataka nikavunje, nani atanichimbia? Mwenyekiti wa mtaa alienda akarudi, balozi wa nyumba kumi naye hivyo hivyo, wakatumwa wazee wenzake wakanyweshwa chai na jibu likawa lile lile. Tulibishana sana, wengine wakasema kivunjwe usiku, tukakataa. Mwisho mke wake ndiye aliyesimama kikaoni akasema miguu ni yangu inayouma, na kitanda nitakachoshushwa nacho nakijua, choo kivunjwe. Mzee akanyamaza pale. Tukachanga, vijana wakamchimbia kingine nyuma ya jiko, ile kazi ilichukua muda maana ni mwamba mtupu. Siku ya kuvunja alianza mwenyewe, mlango akaung'oa taratibu na misumari yake akaenda kuufunga kule kupya.

Sasa nikiandika hivi naona hata sisi tulibomoa, na bila kile choo kuvunjwa njia isingepita. Halafu tuseme ukweli, mvua zikija watu walikuwa wanatapisha vyoo, uchafu unashuka mpaka mto Mirongo na kuingia ziwani, ziwa hilo hilo tunalovutia maji ya kunywa pale Capri Point. Huwezi kuliacha hivyo eti kwa sababu watu wamezoea.

Ila njia ilipokamilika bodaboda zikafika mlangoni, na kodi za vyumba zikapanda. Dada mmoja mpangaji, muuza maandazi, alibeba mawe kuliko wenye nyumba wengi, na kabla mwaka haujaisha alishahama kwa kushindwa kodi. Inaniuma mpaka leo, maana sisi wenye nyumba tulinufaika na jasho lake. Na hata ingekuwa kubomolewa kabisa, fidia anayehesabiwa ni mwenye nyumba, mpangaji anafunga godoro lake anaondoka.

Magomeni Kota pale Dar wakazi walikuwa wapangaji, nyumba zikavunjwa, wakasubiri miaka mingi, lakini yale magorofa yalipozinduliwa Machi 2022 zile kaya 644 ndizo zilizopewa nafasi. Walisubiri mno, sisemi ni sawa, ila walijulikana kwa majina.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, bomoeni, ingawa nimeanza nikikataa, lakini mbomoe pale tu njia au bomba haliwezi kupita pengine, na kingine kiwe kimeshajengwa kwanza. Na kabla greda halijapanda mlimani orodha ya wakazi ibandikwe ofisi ya mtaa kila mtu aisome, wapangaji wakiwemo.