Poda, unga, na damu inayozuiwa isifanye nini?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Nimepewa kazi ya kuandika kwa Kiswahili karatasi ya maelezo ya wagonjwa wanaotolewa mfuko wa nyongo kwa njia ya matundu madogo. Nimekwama penye sentensi inayosema daktari anaweza kutumia "unga wa kuzuia damu". Mwenzangu mmoja anataka "poda", mwingine anasema "dawa ya kuzuia damu" inatosha. Halafu, je, naweza kuuita "upasuaji mdogo"?

JIBU: Ndugu muuguzi, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni jepesi: usiuite hivyo. Upasuaji mdogo, kwa masikio ya watu, ni kupasua jipu, kutahiri, kutoa kinundu chini ya ngozi. Mtu anashonwa nyuzi mbili na kurudi kwake. Kutoa mfuko wa nyongo ni upasuaji kamili, mgonjwa analazwa usingizi. Kilichopungua ni mlango wa kuingilia tu. Nimekutana pia na "upasuaji usio vamizi", na kila nikiusoma nawaona majambazi wamesimama nje ya mlango wa wodi. "Upasuaji wa matundu madogo" umeshazoeleka katika hospitali za Tanzania, uuache hivyo. Ila shikilia wingi na utaje tumbo, maana kwa wagonjwa wa moyo, kama wale wanaotibiwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, "tundu dogo" ni lile linalotobolewa kwenye mshipa wa paja au wa mkono ili kupitisha mrija mpaka kwenye moyo. Ni jambo jingine kabisa.

Sasa unga. Kwa asili yake, neno hilo si kosa: baadhi ya dawa hizi hutengenezwa kwa wanga wa viazi uliosafishwa, kwa hiyo ni unga kweli. Tatizo ni makazi ya neno. Unga ni wa sembe na ngano, na mitaani, kuanzia Mombasa hadi Kinondoni, unga ni ule unaouzwa na watu wanaotafutwa na polisi. Mgonjwa akisoma kwamba atawekewa unga tumboni, ama atacheka ama atauliza mara mbili. Vumbi nalo limeshachukuliwa na Kongo, na kazi yake inajulikana. Poda imekaa karibu na mwili siku zote, watoto wanapakwa baada ya kuoga, na hakuna anayeiogopa. Andika poda. Ukiamua kubaki na unga, basi angalau upatanisho uwe sawa: unga huu unanyonya maji, si "unga hii inanyonya".

Lakini hayo ni madogo. Kilichonifanya nichague swali lako ni "kuzuia damu".

Kuzuia damu isifanye nini? Lugha yetu inakidai kitenzi hicho kimalize kazi, na hospitalini kinamalizwa kwa namna mbili zinazopingana. Yuko mgonjwa mwenye vali bandia ya moyo, anayemeza warfarin kila siku. Hiyo ni dawa ya kuzuia damu kuganda. Na iko hii poda yako, ya kuzuia damu kuvuja. Moja inataka damu iendelee kupita, nyingine inataka isimame. Ukikata mkia wa sentensi, zote mbili zinabaki "dawa ya kuzuia damu". Fikiria sasa muuguzi anamuuliza mgonjwa kabla ya upasuaji, "Unatumia dawa ya kuzuia damu?" Anayemeza warfarin anaweza kujibu hapana kwa nia njema kabisa, kwa sababu yeye hatokwi na damu popote. Hapo kosa la lugha limeshaingia chumba cha upasuaji.

Wengine wataniambia: basi tuandike kwa urefu, "kuzuia damu kuvuja" na "kuzuia damu kuganda". Ni sahihi kisarufi, ila sikio hushika mwanzo na kuachia mwisho, na mwanzo wake ni uleule. Mimi ningezitenga tangu kwenye kitenzi. Wazee wetu wanasema mvua imekata, na maji ya kunywa yanakata kiu. Mtu akijichoma mwiba, mama yake anauliza, "Damu imekata?" Kwa hiyo "poda ya kukata damu" ni Kiswahili kilichokuwepo kabla yetu. Kuna mwenye wasiwasi kwamba kukata karibu na upasuaji kutamkumbusha mgonjwa kisu. Labda. Lakini sijasikia mtu aliyeogopa dawa ya kukata kikohozi.

Jambo jingine ni namna damu inavyotoka, maana karatasi nyingi huandika "kutokwa na damu" kila mahali. Mtu ndiye hutokwa na damu. Kidonda huvuja damu. Na uvujaji wenyewe una majina. Mfuko wa nyongo ukishabanduliwa kwenye ini, pale ulipokuwa umeshikana panaweza kuchuruzika damu polepole, mahali pengi kwa pamoja, bila mshipa mmoja wa kuufunga. Kwenye upasuaji wa wazi daktari angekandamiza kitambaa kwa kiganja. Kwenye matundu madogo kiganja hakiingii. Hapo ndipo poda inapofaa: inanyonya maji ya damu, chembe sahani (vijichembe vya damu vinavyosaidia igande) na protini za kugandisha zinabaki zimesongamana, donge linafanyika. Lakini damu inayoruka kwa mapigo ya moyo kutoka kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, itaisukuma poda yote pembeni; hiyo inahitaji kibanio au uzi. Kwa hiyo ukiandika "damu inayochuruzika" umeeleza tiba kwa neno moja. Na usiseme "mshipa" peke yake kwa wasomaji wa pwani, maana kwao mshipa ni ugonjwa pia.

Mwisho, kitenzi cha kuiweka. Haipakwi, kwa sababu kupaka ni kwa mafuta na marhamu. Kunyunyiza kungefaa kama tumbo lingekuwa wazi. Hapa poda inasukumwa kwa hewa ndani ya mrija mrefu mwembamba, kwa hiyo inapulizwa. (Ncha ya mrija ikilowa, poda inashikana donge na kuziba, hilo mnalijua zaidi nyinyi kuliko mimi.)

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Mahali pakiendelea kuchuruzika damu, daktari anaweza kupapulizia poda ya kukata damu kupitia tundu mojawapo." Na chini yake, kwa mstari wake peke yake: "Tuambie kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda," ikifuatiwa na majina ya dawa hizo kama yalivyoandikwa kwenye paketi zake.