Kwa wanaoanza taamuli: anzeni na ugomvi wa nyumbani

Ndugu mnaoanza kutafakari kwa njia ya mtawa wa Kibuddha Thich Nhat Hanh, karibu nyote huniuliza kwanza mkae dakika ngapi na mkunje miguu vipi. Kaeni dakika kumi, hata kwenye kiti, mkifuata pumzi inavyoingia na kutoka; usingizi ukija, simameni mtembee polepole, kwa kuwa kwake kutembea nako ni taamuli kamili. Kazi ngumu iko kwingine.

Mtawa huyu, aliyezaliwa Hue, Vietnam, mwaka 1926, hakufundisha utulivu wa mtu aliyejitenga na watu. Vita vilipopamba moto alianzisha shule ya vijana waliokwenda kujenga upya vijiji vilivyopigwa mabomu. Na mwaka 1966, baada ya kwenda Marekani kuomba vita visimamishwe, alifungiwa mlango wa kurudi kwao hadi 2005. Mafundisho yake juu ya hasira yasomwe kwa kukumbuka hayo.

Ndiyo maana nawashauri mshike mapema mapatano ya amani yanayotumika Plum Village, jumuiya aliyoianzisha Ufaransa mwaka 1982. Aliyekasirika huahidi kutosema wala kutenda lolote la kuchochea ugomvi, lakini pia haruhusiwi kununa: ndani ya saa 24 humwarifu mwenzake, kwa upole au kwa kijikaratasi, kwamba ameumia, na kumwomba wazungumze siku nyingine, kwa mfano Ijumaa jioni. Siku za katikati ni za kujichunguza. Nionavyo, wengi hukwama penye kijikaratasi, kwa sababu huandika ukurasa mzima wa mashtaka, ilhali yanatosha maneno haya: “Ulichosema jana mezani kimeniuma. Naomba tuzungumze Ijumaa.” Siku hiyo ikifika, mmoja hueleza na mwingine husikiliza bila kumkatiza, hata akisikia jambo ambalo ana hakika si kweli, kwa kuwa kusahihisha kuna siku yake. Hapo ndipo pumzi mliyoizoea kitini inapotakiwa, nanyi mtaona jinsi dakika tano za kunyamaza mbele ya mke au mume anayekulaumu zilivyo ndefu. Hata Waisraeli na Wapalestina waliokaribishwa Plum Village hawakuanza kwa mjadala. Siku za mwanzo walipumua, walitembea na kula pamoja kimya, ndipo wakasikilizana.

Wageni hushangaa zaidi wanapokuta kwamba Thich Nhat Hanh alivitaja vipindi vya televisheni, filamu, magazeti, tovuti na hata mazungumzo katika fundisho lilelile linalokataza pombe na dawa za kulevya. Msingi wake ni fundisho la kale la Buddha kwamba yanayoingia kwa macho na masikio ni chakula, nacho chaweza kuwa na sumu. Aliyeshinda jioni nzima katika kundi la WhatsApp la matusi ya siasa huyaleta matusi hayo chumbani. Sikubaliani, hata hivyo, na wanaoacha habari kabisa, kwani mwalimu mwenyewe hakuyapa kisogo mateso ya watu wake. Chagueni saa moja ya habari kwa siku, isiwe ya kulalia. Simu ikiita, vuteni subira kwa pumzi tatu kabla ya kupokea, kama alivyozoea kufundisha. Wauguzi na madereva wa magari ya wagonjwa walio zamu wapokee mara moja.