Maswali na majibu: Kuandika maelezo ya zana zinazotumiwa na akili mnemba

Shikamoo mwalimu. Nimeunganisha programu yetu ya bei za mazao na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayojibu watumiaji na kuita zana yenyewe. Zana, yaani kazi ambayo wakala anaweza kuiomba programu yetu ifanye, nimeiita "pata_data", maelezo yake "Inaleta data". Mbona wakala haiiti, anabuni bei mwenyewe? – Mwanafunzi, Iyunga, Mbeya

Marahaba. Wakala haoni msimbo wako. Anachopewa ni jina la zana, maelezo yake na vigezo inavyopokea (nafasi za kujazwa, kama zao, soko na tarehe), basi. Akishasoma hayo pamoja na swali la mtumiaji ndipo anaamua aite zana ipi. Itifaki ya MCP, yaani utaratibu wa pamoja wa kuunganisha mawakala na zana uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024, nayo inafanya kazi hivyo hivyo. Sasa "pata_data" inamwambia nini? Iite "bei_ya_zao_sokoni", kisha uandike: "Hurudisha bei ya jumla ya zao moja, katika soko moja, kwa tarehe moja. Itumie mtumiaji anapouliza bei ya leo au ya siku zilizopita. Usiitumie kukadiria bei ijayo. Kama hakuna bei ya siku hiyo, mwambie mtumiaji hivyo, usikisie." Wengi huandika zana inafanya nini, wakasahau kuandika isitumike wapi. Hapo ndipo uongo unapopenyea.

Mkulima anaandika "nina gunia kumi za viazi". Wakala anajaza 10 kwenye kigezo "kiasi", mfumo unahesabu kilo 10. Kosa ni la nani? – Mtunza mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Njombe

Ni la aliyeandika "kiasi" akaishia hapo. Wewe na mimi tunajua gunia la viazi huku kwetu linaweza kuwa la kawaida au lumbesa iliyoshonewa kilemba juu, na uzito wake haulingani kabisa. Wakala hajui mfumo wako unataka kipi, kwa hiyo anachukua namba anayoiona. Badilisha jina liwe "uzito_kilo", halafu eleza: "Namba kubwa kuliko 0, kwa kilo. Mtumiaji akitaja gunia, debe au lumbesa, muulize uzito wa kilo kwanza. Usigeuze mwenyewe." Anayeumia hesabu ikikosewa ni mkulima, kwa hiyo sentensi hizo tatu zisikosekane.

Pitia na vigezo vingine kwa jicho hilo hilo. Bei: shilingi za Tanzania, namba tupu bila mkato. Tarehe: 2025-04-03, maana 03/04 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi. Saa nayo: mkulima wa Uyole akisema lori lije saa mbili asubuhi, mfumo upokee 08:00, si 02:00, weka mfano huo huo ndani ya maelezo. Na kama mizigo yenu inavuka Tunduma, taja saa ni za upande gani, kwani Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza? – Iringa

Modeli kubwa, yaani akili mnemba inayomwendesha wakala, zinasoma zote mbili. Modeli hukata maandishi vipande vipande, na malipo huhesabiwa kwa vipande hivyo. Kiswahili kwa kawaida hukatwa vipande vingi zaidi, hivyo gharama hupanda kidogo. Mimi ningechagua lugha ambayo wenzako wanaweza kuihakiki bila kubabaisha. Muhimu zaidi, kitu kimoja kiwe na jina moja: usiandike "mwanachama" hapa na "mteja" pale.

Zana yetu ya oda za mbao hujibu "Kosa 400". Wakala anarudia, na juzi oda moja iliingia mara mbili. – Mafinga

Ujumbe wa kosa nao ni maelezo, kwa sababu wakala anausoma kisha anaamua la kufanya. "Kosa 400" halimwelekezi popote. Andika: "tarehe_ya_kupakia imeshapita. Tuma tarehe ya leo au ya mbele kwa muundo wa mwaka-mwezi-siku."

Oda kujirudia ni jambo jingine. Mtandao ukikatika katikati, wakala hajui kama oda ya kwanza ilipokelewa. Kila oda ipewe namba yake kabla ya kutumwa, na seva ikatae kuandikisha namba ile ile mara ya pili. Kisha mwambie wakala kwenye maelezo: "Ni salama kurudia kwa namba ile ile ya oda." Kwa malipo na ufutaji, nakusihi usitegemee maandishi peke yake. "Omba idhini kwanza" ni ombi tu kwa modeli, inaweza kulipita. Seva yenyewe isubiri mtu abonyeze kukubali.

Nitajuaje maelezo yangu yanatosha? – Tukuyu

Kusanya maswali halisi ya wakulima kama walivyoyaandika, pamoja na yale ambayo zana haipaswi kuyajibu. Mpe wakala, uangalie ameita zana ipi na amejaza nini kwenye kila kigezo. Usiridhike na jibu la mwisho peke yake, maana linaweza kuwa sahihi kwa bahati. Rekebisha sentensi moja, rudia maswali yote. Akiendelea kuchanganya zana mbili, mara nyingi dawa ni kuziunganisha ziwe moja.