Nembo ikianza kucheza, zima kurekodi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kibanda cha kuhamisha picha za kanda na diski kwenda kwenye flashi, Kariakoo, mama mmoja wa Temeke alinirudishia flashi ya harusi yake. "Fundi, sherehe nimeiona yote. Ila huyu anayezungukazunguka mwishoni ni ndugu wa upande gani?"

Harusi ilikuwa ya saa 1 na dakika 40. Mimi nilitega kompyuta irekodi saa 3, nikaenda kula. Diski ilipoisha, deki ikajipumzisha, na nembo ya DVD ikacheza peke yake kwenye kioo cheusi saa nzima na ushee, ikigonga ukingo huu na ule huku ikibadilika rangi.

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, kila kinachoandikwa kwenye kioo kina mwenyewe: diski, deki au TV. Maandishi ya TV, kama volyumu na AV, yaacheni, hayapiti kwenye waya wa kompyuta. Ya deki ndiyo hatari, yanasafiri pamoja na picha na hayafutiki tena. Kabla hujarekodi kanda ya video ya VHS, ingia kwenye menyu ya deki uyazime, la sivyo bibi harusi anaingia ukumbini na neno PLAY usoni. Kioo cha bluu nacho mara nyingi ni kazi ya deki: picha ya kanda imekuwa dhaifu, deki inaificha. Deki nyingi zinakuruhusu kuizima hiyo bluu. Izime. Chengachenga ambamo marehemu babu anaonekana kwa mbali zina thamani kuliko bluu safi isiyo na mtu.

Kwa nini nembo haitulii? Deki za DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, TV zilikuwa za chogo. Kioo cha chogo kimepakwa fosfori ndani, inawaka ikipigwa na elektroni. Picha ikiganda mahali pamoja siku nyingi, fosfori ya hapo inachoka na alama inabaki hata TV ikiwa imezimwa. Ndiyo maana nembo inahamahama.

Mkienda kununua deki ya mtumba, msisome ganda. Ganda hubadilishwa jioni moja. Mwambie muuzaji aiwashe bila diski: jina linalotokea kiooni limo ndani ya bodi. Mimi nimeshawahi kushika ganda lenye jina kubwa la Kijapani, kioo kikanipa jina lilelile, herufi moja imekosewa. Ikija nembo ya DVD tupu bila jina lolote, deki inaweza kuwa nzima tu, ila bei ishuke.

Yule mama nilimkatia mwisho bure, pale pale akisubiri. Kesho yake akapiga simu: mwanawe analia, anataka kile kipande nilichokata. Alikuwa ameshafika dakika ya 40 akisubiri nembo iingie kwenye kona.