Je, mshahara mdogo ndio chanzo cha wizi kazini?

Mkuu, umeuliza kama ukiwapandishia mshahara keshia na mtunza stoo hasara itaisha. Walipe vizuri, ni haki yao, ila usitegemee hilo likuokoe. Fedha nyingi zinapotelea kwingine.

ACFE, chama cha wachunguzi wa udanganyifu chenye makao yake Marekani, kilichambua kesi 1,921 katika ripoti ya 2024. Hasara ya kati, yaani nusu ya kesi ziko juu yake na nusu chini, ilikuwa dola 60,000 mhusika akiwa mfanyakazi wa kawaida, 184,000 akiwa meneja na 500,000 akiwa mmiliki au mkurugenzi. Mwenye kipato kikubwa si kwamba ana tamaa kuliko wengine. Mshahara mkubwa huja na saini, na uwezo wa kumwambia mhasibu, "Lipa, karatasi nitaleta."

Keshia hufuta risiti mteja akishatoka, lakini hawezi kuvuka kilichomo kwenye droo siku hiyo. Meneja anatengeneza msambazaji hewa, na malipo yanakwenda mwezi hadi mwezi. Watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliotangazwa Tanzania mwaka 2016 ni mfano mzuri: jina haliingii kwenye orodha ya mishahara bila mwenye mamlaka ya kuliingiza.

Kwa hiyo anzia juu. Anayesajili msambazaji asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Linganisha akaunti za benki za wasambazaji na zile za wafanyakazi; zikifanana, umeshapata pa kuanzia. Kama kikomo cha meneja cha kuidhinisha malipo ni milioni 5, tafuta ankara za milioni 4.8 au 4.9. Kisha tazama namba za ankara za msambazaji mmoja: 041, 042, 043 ndani ya miezi mitatu ni dalili kwamba huenda hana mteja mwingine ila wewe. Taarifa za benki na za namba ya malipo ya simu zikufikie moja kwa moja kutoka benki na kampuni ya simu. Usikubali picha ya skrini. Likizo ya wiki mbili mfululizo iwe lazima kwa kila mwenye saini, na kazi yake ishikwe na mtu mwingine kabisa, ili kilichofichwa kionekane.

Katika ripoti hiyohiyo, asilimia 43 ya kesi ziligundulika kwa mtu kutoa taarifa, na zaidi ya nusu ya taarifa hizo zilitoka kwa wafanyakazi. Wape namba ya kupiga, na simu hiyo isipokelewe na meneja.